Enta Mbili na Nafasi Moja

Mwanangu Raya,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi, maana hujenda mbali. Uko hapo mtaa wa Jadida unaaga watu nyumba kwa nyumba, na mimi nimefunga duka kabla ya wakati ili niandike haya nikiwa peke yangu. Naandika kwa mkono. Kompyuta iko mbele yangu, nimeizima na kuifunika kitambaa chake, na ibaki hivyo hivyo. Nikiiwasha nitaanza kupigana na kurasa badala ya kusema nilichokusudia, na hasira nilizonazo juu yake zinatosha.

Sitakuandikia habari za baridi ya Dodoma, unakokwenda kuanza kazi, wala masweta. Hayo shangazi zako wameyasema wiki nzima, kila mmoja kama kwamba kazaliwa huko, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupita Unguja. Kuhusu kula, kulala na kuswali, ikiwa miaka ishirini na mitano haikukufundisha, barua haitakufundisha. Ninalo jambo moja la kukwambia. Nimelificha mwaka mmoja na miezi minne. Nimejaribu kuanza nalo moja kwa moja, na karatasi tatu zimekwishaingia kwenye ndoo ya taka. Basi nivumilie nianze mbali kidogo, halafu nitafika.

Nilipoajiriwa utaipisti nilikuwa mdogo kuliko ulivyo wewe leo. Mkuu wetu pale ofisini alikuwa Bi Sharifa, mwanamke mfupi, mkimya, ambaye hakuna mkubwa aliyethubutu kumletea kazi bila ya kubisha hodi. Siku ya kwanza hakutupa mashine. Alitupa penseli na rula. Kabla hujatia karatasi kwenye mashine, ilikubidi uweke alama nyembamba ya penseli ukingoni, inchi mbili kutoka chini. Ukiwa unapiga chapa na alama ile ikachomoza, ujue imebaki mistari michache tu, uanze kutumia akili. Kichwa cha habari hakibaki chini ya ukurasa peke yake bila ya maneno yake. Mstari wa mwisho wa aya hauvuki kwenda ukurasa wa pili peke yake kama mtoto aliyesahauliwa sokoni. Na sahihi ya mtu haikai kwenye karatasi tupu. Lazima iwe na angalau mistari miwili ya barua juu yake, ili mtu asije akaibandika kwenye maneno mengine.

Ukikosea, Bi Sharifa hakugombi. Huichukua karatasi, akaichana katikati mbele yako, akakupa nusu yake ukaandikie vitu vya sokoni. Na kumbuka kila karatasi ilikuwa na nakala nne nyuma yake, na karatasi za kaboni katikati. Nililia mara mbili kwenye choo cha ofisi. Baada ya hapo sikuchaniwa tena, na ndipo kiburi kiliponiingia. Taipisti wenzangu walikuwa wakiniletea kazi zao niwatazamie ukurasa utaishia wapi, nami nawaambia kwa jicho tu, bila ya rula.

Mashine yangu ilikuwa na maradhi yake. Wenzo wa kurudisha mstari ukiusukuma mara mbili unakwenda vizuri, mara ya tatu unakwama. Ili ukwamuke ilibidi ugonge kitufe cha nafasi mara moja. Kwa hiyo nilipotaka kuacha mahali patupu, mkono wangu ulijifunza hivi: mstari, mstari, nafasi. Mstari, mstari, nafasi. Miaka kumi na tisa. Marehemu baba yako alikuwa akiniona nakaa barazani vidole vinagonga gotini namna hiyo, akiniuliza barua ile inakwenda kwa nani.

Kisha zikaja kompyuta. Tulipelekwa Chake siku tatu kufundishwa, na mwalimu alikuwa kijana mmoja mwenye haraka, mkono mmoja mfukoni, huku akitazama saa. Alitufundisha kukoleza herufi, kuhifadhi na kuchapisha. Hakuna aliyeuliza ukurasa unakatwa vipi. Nani angeuliza? Sisi ndio tuliokuwa mabingwa wa kurasa. Nilikiona kitufe cha Enta, nikakibonyeza, mstari ukashuka. Nikasema moyoni, wenzo wangu huu hapa. Nilipotaka sura mpya ianze ukurasa mpya nikabonyeza Enta mpaka kichwa cha habari kikaanguka upande wa pili: mbili na nafasi, mbili na nafasi. Karatasi zikatoka safi. Hakuna aliyenisahihisha, kwa kuwa kwa macho hapakuwa na cha kusahihisha. Ndivyo nilivyostaafu, na ndivyo nilivyofungua duka hili katika chumba cha mbele, nikachapa nusu ya maombi ya kazi ya Wete na ripoti za wanafunzi nisizoweza kuzihesabu.

Onyo nililipata. Unamkumbuka Bi Mwanakombo, mwenyekiti wa kina mama wa mwani? Niliwachapia katiba ya ushirika wao, kurasa kumi na nane, nzuri ya kutundikwa ukutani. Baada ya muda walitaka kuongeza sentensi moja ukurasa wa kwanza, wakaipeleka duka jengine huko Chake. Sentensi moja tu. Ikarudi ina ukurasa mweupe katikati, vichwa vya habari vimeshuka nusu ya karatasi, na sahihi za wanachama wote zimekaa mwisho peke yake, juu yake hakuna neno. Bi Mwanakombo akaiweka mezani kwangu na kuniuliza ukurasa ule mweupe ulikuwa wa kazi gani. Nikamwambia printa za Chake mbovu. Niliamini nilichosema, hata nikawakasirikia wale watu wa Chake kwa niaba yake.

Wewe ulikuwa kidato cha pili, umekaa kwenye kona ile pale unafanya hesabu za skuli. Bila ya kuinua kichwa ukasema, "Mama, umetia Enta nyingi." Nikakwambia uende ukaoshe vyombo.

Naam. Ningekuuliza siku ile ulikuwa na maana gani, nisingekuwa naandika barua hii. Lakini mtu aliyesifiwa miaka kumi na tisa hamuulizi mtoto wa kidato cha pili. Nimeyarudia maneno yale kichwani mara nyingi, na kila mara naona hasira, si kwako, kwangu. Mlango ulikuwa wazi na mimi nikatuma mtu kuosha vyombo.

Sasa nije kwa Zuwena.

Najua ukiliona jina hili utataka kuikunja barua. Usiikunje.

Zuwena alikuja kwa mamake mdogo hapa mtaani kutoka kisiwa cha Fundo ili asome, na ndani ya mwezi alikuwa mtoto wa nyumba hii. Mlikula sahani moja, mkavaa kanga moja kwa zamu, mkagombana na kupatana kabla ya chai kupoa. Wewe hukutaka kabisa kujifunza kupiga chapa kwangu. Ulisema nina vidole vya kizee. Yeye alikaa kwenye kibao ubavuni mwangu kila baada ya skuli, akanitazama mikono. Kila kitu nilichokijua alikichukua, kizuri na kibaya. Nakuomba ulikumbuke hilo, kwa sababu mimi nililisahau.

Ripoti yako ya utafiti wa visima uliimaliza hapa nyumbani, kurasa tisini na sita, umejikunyata kitandani na homa ya matumbo. Ilitakiwa ifike chuoni Jumatatu, kabla ya adhuhuri. Zuwena alikuwa nyuma yako mwaka mmoja chuo hicho hicho, na alikuwa anavuka kwenda Unguja Jumamosi. Ukanipa fleshi ukaniambia, "Mpe Zuwena aende akaichapishe. Usiifungue, mama." Ukanywa maji, ukarejea tena, "Usiifungue." Nilikusikia mara zote mbili.

Nikaifungua.

Nilijiambia nataka tu kuhakikisha imo. Nikaichomeka kwenye hii iliyofunikwa kitambaa. Kumbe kompyuta yangu kuukuu haikuwa na herufi ulizotumia wewe, ikaweka zake, kubwa zaidi, na kila kitu kikasukumana. Mimi sikujua hayo. Nilichokiona ni kazi ya mwanangu iliyochafuka: kichwa cha habari kimebaki chini ya ukurasa peke yake, jedwali la visima limekatwa katikati, na kabla ya Sura ya Tatu kuna karatasi nzima yenye mstari mmoja. Mstari mmoja, Raya. Nilimwona Bi Sharifa anaichana. Nikasema mtoto mgonjwa, kazi hii ameifanya na homa, mama yupo, ataitengeneza.

Nilikaa baina ya adhuhuri na magharibi. Vile vikato vyako vya kurasa sikuvitambua. Nilipoona mahali panaruka bila ya sababu nikafuta, nikaweka vyangu. Enta mbili na nafasi moja, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka tisini na sita zote zikakaa kama nilivyotaka. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, kwenye kioo cha kompyuta yangu. Nikaihifadhi juu ya yako, na nakala nyengine iliyokamilika hukuwa nayo. Nikaifunga fleshi katika kitambaa, nikampa Zuwena, nikampa na mkate wa kumimina ale njiani. Nilikuwa na furaha. Nilipanga kukwambia ukishapona, unishukuru.

Kilichofuata unakijua kwa upande wako. Kule Unguja herufi zilirudi kuwa ndogo kama ulivyoziweka, na Enta zangu zikabaki pale pale nilipozitia. Sura zikaanza katikati ya kurasa. Kukawa na karatasi nyeupe ndani ya jedwali. Yaliyomo yakasema ukurasa wa sitini na moja na jambo lenyewe liko hamsini na nane. Zuwena akakupigia, simu yako imezimwa, umelala. Akaichapisha, akaifunga jalada, akaifikisha kwa wakati. Ikarejeshwa kwa kutofuata utaratibu. Wenzako wakavaa majoho bila yako, na ile nafasi ya kazi iliyokuwa ikikusubiri ikapewa mwengine. Ulikaa ndani siku tisa. Nilikuwa nakuletea uji mlangoni, nakaa nje nasikia hulii, na hilo la kutolia ndilo lililonitisha.

Hadi hapo, Wallahi, sikujua. Nilisema ni printa za Unguja.

Nilijua siku Zuwena alipokuja kukutazama. Mlikuwa ukumbini, mimi niko mlangoni nachuja tui. Ulikuwa umeifungua ripoti iliyorudi na ile fleshi kwenye kompyuta yako ukaziamrisha zile alama zilizofichika zionekane, zile zinazoonyesha kila kitufe kilichobonyezwa. Ukamgeuzia kioo ukamuuliza, "Uliifungua, hukuifungua?"

"Nliifungua," akasema.

"Kwa nini?"

Akainua macho, na sikuelewa kwa nini alinitazama mimi. Halafu akasema, "Nlitaka kuitengeza."

Basi ukasema aliyoyafanya: kwamba alitaka kunakili kazi yako kwa ajili ya mwaka wake, na katika kupekua akaiharibu. Ulimwambia mengi. La mwisho ulimwambia asikanyage tena kwetu. Mimi nilikuwa nimesogea kuona, chujio mkononi, tui linanidondokea mguuni, na pale kwenye kioo chako nikaona safu za alama, kila Enta na alama yake, kila nafasi na kitone chake. Mbili na kitone. Mbili na kitone. Mbili na kitone. Hapana mtu mwengine kisiwani hapa anayeandika hivyo. Ilikuwa kama kuona mwandiko wangu kwenye ukuta wa jirani.

Nilitakiwa kufungua mdomo. Ingenichukua pumzi moja. Sikuufungua, na nataka nikwambie sababu ya kweli, si ile niliyojipa. Niliyojipa ni kwamba wewe mgonjwa, mambo yatulie, nitasema kesho. Ya kweli ni kwamba nilikuona ulivyokasirika, nikafurahi kwamba si mimi. Ndivyo ilivyokuwa. Mama mtu mzima, nikafurahi kwamba kuna mtoto wa watu amesimama baina yangu na wewe. Zuwena akachukua viatu vyake mlangoni, akanipa mkono, akaubusu kama siku zote, akaenda zake. Nikarudi jikoni nikamaliza kupika, na wali ule nikaula.

Kesho ikawa keshokutwa, na kila siku niliyoiacha ilifanya ya pili yake kuwa nzito zaidi. Ulipoanza kuitengeneza ripoti upya nilikaa nyuma yako nikijifanya nakunja nguo. Nikaona. Unabonyeza Kontroli na Enta kwa pamoja, ukurasa unakatwa, basi. Na hata hiyo si lazima: unakiambia kichwa cha sura kwamba daima kianze ukurasa mpya, nacho kinatii, uongeze maneno juu yake au upunguze. Kichwa kidogo unakiamrisha kisiachane na aya yake. Jedwali unaliambia safu zake zisikatike. Ulifanya yote kwa muda wa kukunja kanga tatu. Nilitaka kuipiga teke kompyuta. Miaka yote ile natoka jasho nikisukuma mistari kwa kidole, na mashine ilikuwa inangoja tu kuambiwa, na haikusema. Na usidhani nakupa fumbo la maisha hapa, maana nakujua, utaanza kutafuta mafunzo. Nazungumzia kurasa. Nilikasirika kwa sababu ya kurasa.

Fumbo silo, lakini jambo moja nimelifikiri sana na nitakwambia kama nilivyolifikiri. Kuibonyeza Enta isiyostahili ni kosa la mkono. Mtu yeyote aliyetoka kwenye taipureta angelifanya, na ungenicheka ukanisamehe kabla ya chakula cha usiku. Kosa langu hasa ni kuifungua nilipoambiwa nisiifungue, kisha kumwacha mtu alipie. Kwa kuifungua, nilikuwa naona kazi yako ni yangu kwa sababu wewe ni wangu. Huko uendako utakutana na watu watakaokupenda namna hii, wanakutengenezea vitu usivyowaomba. Wengine watakuwa wakubwa wako. Sijui nikushauri nini juu yao. Najua tu kwamba mimi nilikuwa mmoja wao, na kwamba nilikuwa na nia njema kabisa, na haikusaidia kitu.

Idi iliyopita Zuwena alikuja na sahani ya visheti. Ulikuwa chumbani, ukamsikia sauti, hukutoka. Nilimpokea pale pale mlangoni. Akaniuliza hali yako, nikamwambia mzima. Akarudi na sahani yake tupu. Hata kumwambia aingie anywe maji sikuweza, kwa kuwa ningeketi naye uso kwa uso. Niliivaa ile Idi yote kama nguo ya kuazima.

Leo asubuhi nilikwambia nakwenda Chake kutafuta wino wa printa. Nilikwenda Wesha. Zuwena ana kazi pale bandarini siku hizi, anaandika orodha za mizigo katika chumba kidogo chenye dirisha moja. Aliponiona akasimama na kunipa kiti chake, yeye akakaa juu ya boksi. Nikasema yote kama nilivyokuandikia hapa, bila ya kupamba. Nilitegemea alie au anifukuze, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Aliningoja mpaka nikamaliza, kisha akasema:

"Nlijua, mama. Nlijua asubuhi ile ile ya Jumatatu, kule dukani Unguja. Yule mwenye duka kanfungulia alama, nkaona zako. Weye ndiye ulonfunza, ntazisahau vipi?"

Nikamuuliza kwa nini hakunipigia mimi simu. Akasema alikwishaishika simu, halafu akafikiri kwamba nikiambiwa nitaona haya mbele yako, na wewe mgonjwa. Akaona azifute mwenyewe, moja moja, kabla ya adhuhuri. Alifika ukurasa wa arobaini, muda ukamwishia. Ndiyo kule kuifungua alikokubali mbele yako. Arobaini za mwanzo zilikuwa sawa, Raya. Nenda kaitazame ile ya zamani, bado unayo. Arobaini za mwanzo ziko sawa sawa, na hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini.

"Na siku ile ukumbini?" nikamuuliza. "Nilikuwa nimesimama pale. Ungesema."

"Nlikungoja useme weye," akasema. "Hukusema. Nkaona basi, kama mama hakutaka, mie n'nani. Rafiki hupatikana mwengine. Raya mama ana mmoja."

Hakuwa na hasira aliposema, na ndiyo maana siwezi kukaa na siri hii tena. Nimerudi kutoka Wesha nimekaa dirishani mwa gari, siwezi hata kujibu salamu za watu. Mwaka mmoja na miezi minne mtoto wa watu kanihifadhia heshima yangu kwako, na mimi nilikuwa nalala usingizi. Nimwite nani anichanie karatasi hii?

Nilimwomba aje bandarini Mkoani kesho akuage, niseme mbele yenu wawili. Alikataa. Hataki iwe kama yeye ndiye anayeomba. Alisema nyumba anayokaa ni ya pili kutoka ofisini, na alfajiri huwa macho.

Kwa hiyo nimefanya jambo jengine bila ya kukuuliza, lakini hili nakwambia kabla. Gari ya Mkoani ilikuwa ikupitie saa kumi na mbili. Nimemwambia dereva aje saa kumi na moja. Akifika Chake atakunja kwenda Wesha, asimame mbele ya ofisi ya mizigo robo saa, halafu aendelee, na boti hutaikosa. Ushuke au usishuke, hilo ni lako. Ukiona ni mapema mno, au unanikasirikia mimi kwanza na huna nafasi ya mtu mwengine, mwambie dereva apite moja kwa moja, hataniambia wala sitamuuliza.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako. Isome leo, ndani, mlango umeufunga. Ukimaliza, nitakuwa jikoni. Kama una la kuniambia uje, na kama huna usije. Chakula chako nitakifunika. Na kama kesho hutaki nikusindikize hata mpaka mlangoni, nitaelewa. Nilikuwa nimekata tiketi ya gari twende sote hadi Mkoani. Kiti changu nimemrudishia dereva, kisiwe na mtu, ili ukishuka Wesha na mwenzio akataka kukusindikiza mpaka botini, apate pa kukaa.

Mimi mamako,
Salma